Kumfuta Olivia Dirishani

Watu wa mtaa wetu husema namwonea Olivia wivu. Waache waseme. Mimi ninachojua ni kwamba dirisha la chumba changu cha mbele lilikuwa na ziwa, na sasa lina Olivia.

Nina vyumba vya wageni hapa mlimani Gisenyi. Si hoteli, ni nyumba tu yenye mashuka safi na chai ya tangawizi. Wageni walikuwa wanakuja kwa ajili ya dirisha lile. Ukifungua pazia asubuhi, Ziwa Kivu lote liko mbele yako, mitumbwi inarudi na dagaa wa sambaza, na mkono wa kulia macho yanafika mpaka Goma. Kisha Olivia, ambaye kiwanja chake kiko chini ya changu, akapandisha ghorofa ya wageni. Hakuniuliza. Alikuja tu na kreti ya Fanta kuniomba radhi kwa vumbi la mafundi. Vumbi! Akacheka na yale meno yake mazuri, akateremka kwake. Tangu siku hiyo dirisha langu linatazama mgongo wa nyumba yake: ukuta mweupe, ngazi za nyuma, tangi la maji juu ya paa. Wageni wangu wanaingia, wanafungua pazia, halafu wanageuka kunitazama mimi. Mmoja aliondoka kabla hata ya kunywa chai, na nikamwona kwa macho yangu akiburuta sanduku lake kwenda kwa Olivia.

Basi nikamwambia binti yangu Ineza anitengenezee picha. Ineza anazijua hizo kazi za kompyuta. Ukiona picha ya harusi hapa wilayani Rubavu na bibi harusi amependeza kuliko alivyo, jua Ineza amepita hapo. Nilitaka picha moja tu ya dirisha langu, iwekwe kwenye mtandao mahali watu wanapochagulia vyumba, chumba kile kipate watu tena kabla sijakifunga.

Alipiga picha nyingi mchana mzima, huku akinifukuza nisizibe mwanga.

"Mama, dirisha ni kitu ngumu," alinieleza. "Ukifuata mwangaza ya inje, chumba inakuwa giza. Ukifuata chumba, inje inaungua, inabakia nyeupe tu. Donc napiga mbili, moja ya ndani, moja ya inje, kisha naziunganisha."

Tukakaa mezani, yeye na kompyuta yake, mimi nyuma ya bega lake. Akanyoosha fremu iliyokuwa imeinama. Akafuta doa la unyevu chini ya dirisha, akalipa pazia langu rangi liliyokuwa nayo siku niliyolinunua. Nilifurahi hadi nikasahau chungu jikoni.

"Bon. Na nyumba ya Madame Olivia, tunafanya nayo nini?"

"Ifute."

"Yote?"

"Yote. Mupaka na tangi. Na yeye mwenyewe, kama iko ndani."

"Na wageni wakifika, Mama?"

"Wakifika nitawapikia vizuri. We futa."

Akafuta. Ukuta ukaenda, ngazi zikaenda, tangi likaenda. Kwenye pengo lile akaleta maji, bluu iliyotulia, na mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu kama inavyovua. Nilishika kifua. Lilikuwa ziwa langu lenyewe.

"Hiyo maji umepata wapi?"

Ineza alijibu huku akiendelea kunyoosha mtumbwi mmoja.

"Nilipiga kwa Madame Olivia. Kwa vyumba vyake vya mbele. Mi ndiye namutengenezea picha zake."

Roho iliniuma, sitaficha. Ziwa amechukua, wageni amechukua, na sasa binti yangu wa kumzaa anapanda ngazi zake na kamera, mimi nikidhani yuko kwenye mazoezi ya kwaya. Nikamwambia anionyeshe hizo picha, sasa hivi, zote.

Za mbele sikuzitazama mara mbili. Akafungua za vyumba vya nyuma, vile vya juu vinavyotazama upande wetu. Kumbe huko nako anauza kitu: kutoka kule juu unaiona volkano ya Nyiragongo nzima, na moshi wake. Picha ilikuwa safi, fremu imenyooka, mlima umesimama katikati. Chini ya mlima, mahali pa ua wangu, palikuwa na majani ya kijani tu.

"Nyumba yetu iko wapi?"

"Nilifuta, Mama."

"Ulifuta nyumba ya mama yako?"

"Nyumba nilitaka kuacha. Madame alisema ibakie, haisumbue mutu." Alishusha sauti. "Alitaka nifute kitu kingine. Ilikuwa ngumu kutoa kile peke yake, ndiyo nikafuta ua yote."

"Kitu gani? Nionyeshe ya kwanza."

Alinitazama kwanza usoni, kisha akafungua. Bati langu la kutu lilikuwepo, na kuku, na mparachichi. Na katikati ya ua alikuwa amesimama mwanamke, mikono kiunoni, shingo imeinuliwa, akilikodolea macho dirisha la Olivia. Akafungua nyingine, ya siku nyingine. Kitenge kingine, mwanamke yuleyule, shingo ileile. Na nyingine. Na nyingine tena, yenye mvua, na mwanamke ana mwavuli.

"Wageni wanauliza, ule mama anatuangaliaga nini? Wengine wanaomba kuhama chumba."

"Naanikaga mashuka," nilisema.

"Mama. Kamba iko nyuma yako."

Nilisogea karibu na kompyuta. Halafu nikamwambia azirudishe zile za dirisha letu, za mchana ule, kabla hajafuta kitu. Azirudishe zote, avute karibu. Lazima na Olivia alikuwa anatuchungulia. Mtu hawezi kumtazama mwenzake miaka yote asitazamwe. Ineza akavuta karibu dirisha la juu, pazia limefungwa. Akavuta karibu ngazi za nyuma.

Olivia alikuwepo. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, ametugeuzia mgongo, anachambua mboga ya lengalenga, simu imebanwa begani. Kwenye picha ya pili anacheka na simu. Kwenye ya tatu amemaliza lengalenga, anakung'uta kitenge chake, anaingia ndani. Tulizipitia mpaka ya mwisho, na hakuna hata moja aliyokuwa ameinua kichwa.