Salomé Hakugeuka

Tulikuwa familia sita tunaosomesha watoto nyumbani, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikutana kwa Fermín, juu kidogo ya mji wa Guarne: wazazi kibarazani, watoto uani. Mkongwe wa wazazi nilikuwa mimi. Nilishakuza watatu bila shule, na akina mama wapya walinisikiliza kama daktari.

Dayra alijiunga mwaka juzi na binti yake wa miaka sita, Salomé. Mtoto haitiki akiitwa, anaongea kwa shida, herufi hazimwingii.

"Dada Nohemí, nimpeleke akaangaliwe?"

"Akaangaliwe nini, mwenzangu? Huyu anazama kwenye anachofanya. Mwache."

Nikazoea kumtoa kama mfano mbele ya wageni. Mtazameni Salomé, nilikuwa nasema, hata mpige makofi hageuki.

Februari, Fermín alijikwaa kwenye kizingiti akaangusha sinia zima la vikombe. Watoto wote waliruka. Salomé alikuwa amewapa mgongo, hatua tatu tu kutoka pale, anapanga maharage kwa rangi. Aliendelea kupanga. Wengine walikimbilia vigae. Mimi nilibaki nimemkodolea macho, nikaelewa. Kisha nikajilazimisha nisielewe, kwa sababu wiki ile ile nilikuwa nimealikwa Rionegro kuzungumza na wazazi wapya, na habari niliyotaka kuwasimulia ilikuwa yake.

Septemba Dayra alichelewa kufika. Salomé alikuwa na vifaa vidogo vya kusikilia, vya rangi ya waridi, nyuma ya masikio yote mawili. Wifi yake Dayra, muuguzi, ndiye aliyeng'ang'ania apimwe, na ikaonekana mtoto amekosa nusu ya uwezo wa kusikia tangu uchanga.

"Ila namshukuru dada Nohemí," Dayra akasema. "Yeye ndiye aliyenituliza moyo."

Wakanipigia makofi. Salomé akageuka kutazama kelele inatoka wapi.

"Acheni," nikasema. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ya vikombe. Kila mtoto aliruka isipokuwa yeye. Nilimwona, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilishamsifia mno kwa watu, Dayra. Niliona aibu."

Akahesabu kwa vidole.

"Miezi saba. Miezi saba mizima namfokea mwanangu kwamba ni mkaidi, na wewe unajua?"

"Jamani, chai ya sukari ya panela inapoa," Fermín akajaribu. Dayra alichukua sweta la mtoto, wakateremka kilima. Nilitamani anirudie anitukane.

Oktoba alikuja. Sikulala usiku wa kuamkia siku ile, napanga maneno ya kumwambia, na yote yalinipotea aliponiamkia: "Za asubuhi, Bi Nohemí." Bi. Kama jirani asiyenijua. Akaenda kukaa upande wa mke wa Fermín.

Baba mmoja mgeni akauliza kuhusu mwanawe wa miaka minne asiyesema neno. Wote wakanigeukia, kwa mazoea.

"Mimi sijui," nikasema. "Mpeleke akapimwe. Jumatatu, usingoje."

Yule baba akashangaa kidogo. Aliambiwa nina majibu. Dayra hakuinua uso. Alikuwa akimmenyea Salomé chungwa na kumwambia jambo kwa sauti ya chini, na mtoto akawa anamjibu.