Nusu Kidonge

Editha alikiweka kidonge juu ya mfuniko wa sufuria, akakishika kwa kucha, akakikata kwa wembe. Kilipasuka vibaya. Kipande kikubwa kikarukia majivuni. Alikiokota, akakipuliza, akampa Cleopa. Kile kidogo alimpa Raheli, naye akalamba na unga uliobaki kwenye mfuniko kabla hajachukua begi lake la shule.

Wote wawili walizaliwa na sikoseli. Mradi wa utafiti uliofungua kliniki pale Mikumi ulikuwa ukijaribu dawa mpya kwa watoto wasiozidi miaka kumi. Cleopa alikuwa na saba. Raheli alikuwa ametimiza kumi na moja wakati wa kuvuna vitunguu, muda mfupi kabla ya gari la mradi kufika kijijini kwao Malolo. "Bahati mbaya, mama," Editha aliambiwa, akarudishiwa binti yake kama noti iliyochanika.

Mwanzoni Cleopa alimeza kidonge kizima, na haikupita miezi mingi akawa anacheza mpira. Raheli alimtazama akiwa mkekani, mifupa ikimuuma hadi sauti imemkauka. Siku moja akauliza, "Mama, mimi yangu iko wapi?"

Kesho yake Editha akanunua wembe.

Manjano yakafutika machoni mwa Raheli. Akarudi shule. Ila Cleopa maumivu yalimrudia usiku mmoja, makali, akawa anang'ata blanketi. Editha alimkanda miguu kwa maji ya moto, asiweze kumtazama usoni.

Siku ya kliniki shule zilikuwa zimefungwa, akaenda Mikumi na watoto wote wawili. Cleopa alitolewa damu kwanza, kisha wakaitwa ndani. Daktari Lupakisyo alikuwa kijana, mdogo hata kwa mdogo wake Editha wa mwisho.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba," alijibu bila kuinua kichwa. "Cleopa anameza dawa kila siku?"

"Kila siku."

"Yote?"

Editha akalikaza fundo la khanga yake.

"Kipimo chetu cha sasa hakidanganyiki, mama. Dawa iliyomo kwenye damu yake ni nusu. Nyingine unauza?"

"Siuzi! Nampa dada yake."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nani alikuruhusu?"

"Wote nimewazaa mimi."

"Sikukuuliza hilo. Unajua umeharibu kazi ya watu wangapi? Mtoto anatoka kwenye utafiti leo. Sista Anitha, chukua dawa zilizobaki."

Editha alifungua fundo la khanga, akatoa kikopo, lakini vidole vikagoma kukiachia. Muuguzi akakivuta taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Daktari, nifunge mimi. Mtoto hana kosa."

"Hakuna anayeadhibiwa hapa, mama. Ni utaratibu tu."

Ndipo macho ya daktari yakamwangukia Raheli, aliyesimama mlangoni. "Huyu ndiye?" Akamsogelea, akamfunua kope. "Mara ya mwisho kuumwa ilikuwa lini?"

"Tangu nianze dawa sijaumwa," alisema Raheli, akijinyoosha aonekane mzima. Alidhani anapimwa ili aandikishwe.

Daktari akatoka na simu. Dirishani walimsikia akiongea Kiingereza, akicheka kidogo. Aliporudi alimvutia Editha kiti.

"Mama Raheli, tunaomba damu ya binti. Kidogo tu. Nusu dozi kumsaidia mtoto wa umri huu! Wakubwa wangu hawajawahi kuliona hilo."

Editha akasimama. "Kwa hiyo mnamwandikisha?"

"Hapana. Umri umeshapita."

"Na mdogo wake mnamrudishia dawa?"

"La Cleopa nimeshalisema."

"Sasa damu ya nini?"

"Itasaidia watoto wengine."

Editha aliwashika wanawe mikono, akaelekea mlangoni. Anitha akamwinamia sikioni. "Kubali, mama. Ukiwaudhi, hata ukija mradi mwingine hawatakuita."

Mradi mwingine. Editha akarudi, akaketi, akampakata Raheli ingawa miguu ya msichana ilifika chini, akamnyoosha mkono, akaushikilia yeye mwenyewe. Raheli hakulia sindano ilipoingia. Aliitazama damu ikipanda kwenye kichupa.

"Sista, dawa zangu nitapewa lini?"

Anitha alikuwa akibandika karatasi kwenye kichupa. Akakitia ndani ya kisanduku chenye barafu.

Walisimama kando ya barabara kuu kusubiri gari la kurudi Malolo, jua la mchana likiwapiga. Geti la kliniki likafunguliwa. Gari la mradi lilitoka, vioo vimepandishwa, likapunguza mwendo mbele yao kupisha lori, halafu likashika njia ya Morogoro. Kwenye kiti cha nyuma hapakuwa na mtu. Kisanduku cha damu kilikuwa kimekalishwa katikati ya kiti, kimefungwa mkanda.

Raheli alikiona, akakipungia mkono.