Mlinzi wa Kurasa za Siri

Mariette, fundi wa programu, aliganda mbele ya kompyuta. Ukurasa wa siri uliokuwa mbele yake ulionyesha nyumba walimofichwa wanawake waliokimbia waume zao kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na dada yake Pascaline alikuwa mmoja wao. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha kwamba aliyeufungua asubuhi ile ni Ezira, mume wa Pascaline, aliyekuwa amejitolea kugawa sabuni za shirika na kupewa jina la kuingilia.

Programu ya shirika lao dogo la Mbarara ilikuwa na walinzi wawili, yaani vipande vya programu vinavyoamua nani aingie: mmoja wa watu wote, mwingine wa kurasa za siri. Lakini wote walikuwa wa aina moja, na mfumo wa usalama ulipoombwa mlinzi, uliamriwa kuleta yule wa watu wote daima.

Alimpigia Pascaline. Simu haikupatikana.

"Mzee, tuzime kila kitu," alimsihi Kabanda, mkuu wake.

"Tukizima, zahanati inayotumia programu hii itatoaje dawa? Tengeneza, mama, haraka! Mimi natafuta polisi wa kule."

Mariette akabuni alama mpya, akaiita Siri. Akaibandika kwa mlinzi wa pili, kisha kila mahali kurasa za siri zilipoomba mlinzi, akaifuta na ile amri ya kuleta yule wa watu wote daima. Akawasha. Programu ikagoma: walinzi ni wawili, haijui imchukue yupi.

Si alama ndiyo hii hapa! Mbona haionekani? Akasoma upya, machozi yakimziba macho, hadi alipong'amua kwamba hakuiagiza alama ibaki hadi programu iwe kazini, hivyo ilifutika kabla ya kuanza. Akaongeza mstari wa kuiagiza ibaki. Ikawaka. Akajaribu kuingia kwa jina la Ezira, akafungiwa nje.

Akatoka mbio, akapanda pikipiki kwenda Nakivale. Vumbi la barabara ya Isingiro lilimjaa kooni, naye akamwomba Mungu njia nzima.

Mlango wa Pascaline ulikuwa umeng'olewa, sufuria zimetupwa uani. Mariette akapiga yowe. Dada yake akachomoza kutoka kwa jirani.

"Alikuya," Pascaline alisema. "Mimi nilikuwa nimeenda kuvoma maji. Alijua aje fasi niko, hapa penye nimejificha?"

Mariette alishindwa kumtazama. "Kwa mashini yetu ya kazi, yaya, dada yangu. Nimeifunga sasa."

"Sasa?" Pascaline akaketi chini. "Na mimi niende fasi gani?"

Polisi walikuwa bado hawajafika. Mariette akaingia ndani, akaanza kufunga nguo za dada yake katika kitenge.