Benchi Kavu la Moelagi

Mchungaji Esekia alipofika pale baba anapomkimbilia mwana mpotevu na kumkumbatia, maji kanisani yalikuwa yameshafika vifundoni. Waumini wa kijiji cha Saleuta wakihubiriwa Injili hulia, na machozi yao hujaa humo ndani tangu enzi za babu zao. Ndiyo maana ukuta una matundu manne kwa chini, ya kupeleka maji kwenye kijito cha mpakani, na akina mama hushona magauni meupe yasiyofika sakafuni. Mgeni akija kutoka mjini Apia huambiwa mlangoni akunje suruali.

Benchi la tatu, upande wa baharini, ndilo pekee lisilolowa. Hapo hukaa mjane Moelagi, na maji hulizunguka yakaenda zake. Moelagi hulia nyumbani. Basi watu humbebesha vitu vyao.

"Shoga, nishikie na kofia," alinong'ona Sose wa benchi la nyuma.

"Weka hapo juu ya viatu vya shemasi."

Mahubiri ya siku hiyo aliyaomba Moelagi mwenyewe, kwa kuku mmoja na siku tatu za kumfuatafuata mchungaji. Mwaka uliotangulia mwanawe Lafaele alipitisha lori barabarani saa ya sala ya jioni, baragumu limeshapulizwa, saa ambayo hakuna ruhusa ya kutembea. Alikuwa amempakia baba yake, kifua kimembana, anamkimbiza hospitali. Vijana walinzi walimpungia mkono asimame, hakusimama. Baba alifia njiani. Baraza la wakuu wa koo lilimfukuza Lafaele kijijini kabla ya maziko, kwa mujibu wa kanuni, na ulikuwa uonevu mtupu. Tangu hapo Moelagi hakutulia. Alikuwa akifagia ua mara nne kwa siku, na chakula alikula amesimama.

Jumapili hiyo aliyelia kuliko wote alikuwa Alaimoana, mkuu wa baraza. Maji yalipanda hadi kiunoni, yakamnyanyua pamoja na kiti chake, yakamtoa mlangoni, yakateremka naye barabarani na kumtua kwenye ngazi ya nyumba ya Moelagi. Moelagi alifika nyuma yake, amemchukulia viatu.

"Moelagi, mchungaji leo katupiga kwelikweli," Alaimoana alisema, akikamua mikono ya shati. "Nimeguswa mpaka ndani."

"Nimeona, Mheshimiwa. Basi Lafaele arudi?"

"Arudi wapi?"

"Nyumbani. Kama yule wa kwenye mahubiri."

Alaimoana alifikiri kwa haki kabisa. "Yule alitapanya mali ya baba yake tu. Hakupita barabarani saa ya sala."

"Alikuwa anampeleka baba yake, Mheshimiwa."

"Najua. Hilo nalo limeniliza." Alijitazama kiunoni. "Una shuka kavu la kujifunga hapo ndani?"

Shuka la kiume lililokuwamo lilikuwa la Lafaele, la buluu, ambalo Moelagi alilifua kila wiki ingawa halikuvaliwa. Alimpa. Lilimkaa vizuri, na Moelagi aliumia kuliona likipinda kona kwenda kwenye chakula cha Jumapili, huku majirani wakifukua tanuri zao za mawe na harufu ya magimbi na tui ikijaa kijiji kizima.

Jumatatu baraza lilikutana. Lilimshukuru mchungaji kwa kumpa nguruwe, likaamua kanisa litobolewe matundu mengine mawili. Shuka lilirudishwa limepigwa pasi, na sahani ya magimbi juu yake.

Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa ya kumsamehe ndugu yako, na matundu mapya yalifanya kazi vizuri. Ibada ilipokwisha Moelagi alirudisha viatu jozi kumi na tisa, kofia na vitabu vya nyimbo, kila kimoja kwa mwenyewe, kisha akaenda kijitoni kama anayekimbia. Lafaele alikuwa amesimama ng'ambo, pale anaposimama kila Jumapili, nje ya mpaka.

"Mama! Wameliaje leo?"

"Wamelia sana."

Maji ya kanisani yalikuwa yanaingia kijitoni kwa kasi, na kijito kilikuwa kinapanuka. Moelagi aliyatazama yakifika miguuni pa mwanawe.

"Rudi nyuma, mwanangu," alisema. "Rudi nyuma kidogo, utalowa."