Farasi Mia Nne na Kiti cha Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Nozeli, kama kile kidude kinachonyunyizia petroli ndani ya injini, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye kitambulisho. Alikuwa fundi wa mifumo ya mafuta ya magari, na sifa zake zilivuka barabara: gari lililofika kwake likikohoa liliondoka likinong'ona. Mumewe alikuwa fundi wa viti. Gereji ya mke na chumba cha kushonea cha mume vilipakana, ukuta mmoja katikati, na ukutani palikuwa na tundu la ukubwa wa tofali. Kupitia tundu hilo walipitishiana chai, mkasi, na maneno ya kuchokozana kutwa nzima.

Ijumaa ile, saa nne asubuhi, tundu lilikuwa kimya. Nozeli alikuwa amelala chali chini ya gari lao wenyewe, tochi mdomoni, akilikodolea macho tangi la petroli kana kwamba limemtukana.

Lilikuwa gari dogo la milango minne, lililotoka kiwandani na nguvu za farasi tisini, tena farasi wapole. Sasa boneti lilificha injini nyingine kabisa. Nozeli aliitoa kwenye gari lililobingirika, baada ya kuitafuta miaka miwili, akaifungia tabo kubwa kama sufuria ya harusi. Farasi walikuwa mia nne. Kesho yake yalikuwa mashindano ya kupanda mlima, na dereva alikuwa mumewe.

Shida ilikuwa kwamba farasi hawashibi. Gari likikanyagwa nusu, raha tupu. Likikanyagwa mpaka chini, presha ya petroli ilipanda kidogo, ikasita, kisha ikaporomoka. Na hapo ndipo palipo na hatari. Tabo hushindilia hewa ndani ya injini, na hewa nyingi hudai petroli nyingi. Tena hewa hiyohiyo huisukuma petroli irudi ilikotoka, kwa hiyo pampu lazima isukume kwa nguvu zaidi kuishinda. Petroli ikipungua hewa ikiwa tele, moto wa ndani huwa mkali kupita kiasi, na pistoni huyeyuka kama mshumaa. Injini ilikuwa moja. Ya akiba haikuwepo.

Nozeli aliijua hadithi hiyo vizuri mno. Mwaka uliopita injini aliyoiunda kwa mikono yake ilikata roho katikati ya mlima, mbele ya watu. Mumewe alishuka kwa miguu, kofia ngumu kwapani, akamwambia kila aliyeuliza, "Mkono wangu mzito. Niliingiza gia vibaya." Siku tatu baadaye Nozeli aliifungua injini akakuta pistoni imetoboka. Haikuwa gia. Ilikuwa njaa ya mafuta. Alipomwambia mumewe, mume alivuta uzi kwa meno akasema, "Sasa tufanyeje, tuwapigie simu mmojammoja? Watu washakwenda zao." Akaendelea kushona.

Nozeli hakulia siku ile, lakini alikula kiapo: mwanamume huyu hatabeba tena lawama isiyo yake. Kama geji ya presha haitakaa sawa leo, gari haliondoki hapa kesho, hata aje nani.

"Mke wangu," sauti ilitoka tunduni. "Umelala au umekufa?"

"Nafikiri."

"Basi fikiri kwa sauti, nisidhani nimefiwa."

Nozeli aliteleza akatoka chini ya gari. Akamhesabia kwa vidole vyeusi vya grisi. Pampu mpya, kubwa mara tatu ya ile ya zamani. Nozeli mpya, matundu mapana. Paipu mpya ya kwenda na ya kurudi. Filta mpya. Kabla ya kuifunga pampu aliijaribu mezani kwa kuiunga kwenye betri, ikajaza ndoo kabla hajamaliza kupiga chafya. "Kila kitu kipya," alisema. "Na bado inanifanyia kiburi."

"Labda imechukua tabia ya mwenyewe."

Alimrushia tambara. Lilipita tunduni, na kule upande wa pili akamsikia akicheka.

Saa sita akaja wifi yake, dada wa mume, mwanamke mnene mwenye duka la vioo na ulimi usio na breki. Alifika na chapati za kuwalisha na maneno ya kuwashibisha.

"Kaka yangu kaoa wawili," alisema, akilitazama gari. "Wewe na hili. Na wewe ndiye unayenuka petroli."

"Wifi, kaa kimya au nikupe spana."

"Nipe lifti. Kila siku nasikia farasi, farasi, sijaona hata kwato."

Wakaenda watatu. Mume kwenye usukani, Nozeli kando yake, wifi nyuma ameenea kwenye kiti kizima. Kiti hicho kilikuwa fahari ya nyumba. Mume alikishona kwa siri katika mwaka wa kumi wa ndoa yao, ngozi ya rangi ya mvinyo, mishono midogo kama punje za mtama. Alikiunganisha moja kwa moja na zulia la sakafu, kipande kimoja bila kiungo, ili vumbi la gereji lisipate pa kuingilia. "Hiki ni chako," alimwambia siku alipomwonyesha. "Kutwa unalala chini ya magari ya watu. Ukichoka, lala juu ya lako."

Barabara ya machimbo ya kokoto ilikuwa imefungwa miaka mingi, na mlinzi wake aliwafungulia geti bila kuuliza. Ilipanda moja kwa moja mpaka juu. Geji ya petroli ilikuwa imebandikwa kwa gundi nje ya kioo cha mbele, maana paipu ya petroli haiingizwi ndani walimo watu.

"Kanyaga," alisema Nozeli.

Gari liliruka. Wifi aliita jina la mama yake. "Tatu," alisoma Nozeli. "Tatu na nusu. Tatu na robo. Tatu... achia, achia."

Mume aliachia. Gari likapunguza mwendo. Presha iliyotakiwa ilikuwa nne na nusu.

"Basi," alisema Nozeli, akitazama mikono yake. "Kesho hatuendi."

Mume alimgusa goti, akageuza gari.

"Mimi sijui mambo yenu," alisema wifi kutoka nyuma, bado ameshikilia mlango. "Lakini hiki kitu kinachoimba chini ya makalio yangu, mbona kinachoka?"

Nozeli aligeuka. "Kinachokaje?"

"Mkienda polepole kinaimba vizuri, mmm, kama nyuki. Kaka akikanyaga, kinaanza kwa nguvu halafu kinanyong'onyea, kama mtu aliyekata pumzi kwenye ngazi. Kama mimi."

"Kaka yako akikanyaga ndiyo kinanyong'onyea?"

"Mara hiyohiyo. Nimekaa juu yake, wifi. Nani atanidanganya?"

Nozeli alifunga macho. Chini ya kiti kile ndipo lilipokuwa tangi, na pampu ndani yake. Pampu inayosukuma kwa bidii haifai kushusha sauti. Ikishusha, inalegea, na kinacholegeza pampu mpya ni umeme. Mezani aliijaribu na betri pembeni yake, kwa waya wa urefu wa mkono na bila presha ya kuishindilia. Ndani ya gari iliunganishwa na waya wa kiwandani, mwembamba kama tambi, uliowekwa kwa ajili ya farasi tisini. Presha ikipanda, pampu inadai umeme zaidi, na waya ule hauna wa kuipa.

Walipofika gereji alijitupa chini ya gari, akazipenyeza ncha ndefu za mita ya umeme mpaka kwenye soketi iliyo juu ya tangi. Akamwambia mumewe aibane paipu ya kurudishia ili presha ipande. Kwenye betri mita ilisoma volti kumi na nne. Kwenye pampu, kumi kasoro.

Alitoka, akakaa sakafuni.

"Umeipata?" aliuliza mume.

"Nimeipata tangu mwezi wa jana. Nilikataa tu kuiona."

"Sijakuelewa."

"Waya unapita chini ya kiti." Alisema haraka, kama mtu anayejitoa mwiba. "Nilibadilisha kila kitu nilichoweza kukifikia kwa chini. Kuna kifuniko cha tangi chini ya kiti, kazi ya dakika kumi, lakini nilikaa siku nzima nikiteremsha tangi ili nisikiguse. Kila fundi anajua ukiweka pampu kubwa unaweka na waya mnene. Nikajiambia huu utatosha, utatosha. Sikutaka kukichana."

Wifi aliacha kutafuna.

"Teremsha tangi tena," alisema mume polepole.

"Siku nzima. Mashindano ni kesho asubuhi. Acha. Tutakwenda mwakani."

Mume akaingia kwenye chumba chake cha kushonea, akatoka na wembe wake wa kufumulia. Akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti.

"Wewe bwana, usifanye hivyo."

"Nani fundi wa viti hapa?"

"Kilikuchukua miezi mitatu."

"Minne. Mmoja nilikuwa najificha." Wembe ulipita kwenye mshono wa kwanza, ukalia kama mtu anayechana kanga. "Mke wangu, nilikishona upumzike. Hujakilalia hata siku moja. Sasa kimekunyima usingizi mwezi mzima, hicho ni kiti au ni mkwe?"

Nozeli alipiga magoti upande wa pili, akashika ngozi ili isijikunje, na mume akaendelea kufumua, mshono kwa mshono, bila kuharakisha, kwa upole uleule aliotumia kushona. Wifi alisimama nyuma yao akisema hajawahi kuona watu wanaopendana kwa kuharibu mali.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya Nozeli, na mikono yake iliijua. Waya mnene kama kidole, moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi mwanzoni mwake. Rilei ya kufungulia umeme. Athi mpya ya kurudishia umeme kwenye bodi, chuma kimekwanguliwa mpaka king'ae. Saa kumi jioni alifunga kifuniko. Nyuma ya gari palikuwa bati tupu na vipande vya nyuzi za rangi ya mvinyo.

Walirudi machimboni, na wifi, kwa kuwa hakuwa na pa kukaa, akabaki getini na mlinzi, tayari wakibishana.

"Kanyaga," alisema Nozeli, sauti yake ndogo.

Mume alikanyaga. Barabara ilijikunja chini yao kama zulia linalovutwa. "Tatu," alisema Nozeli. "Tatu na nusu. Nne." Nyuma yao pampu ilipiga mluzi mmoja, mrefu, usiotetereka. "Nne na nusu." Mume hakuachia. "Nne na nusu. Nne na nusu." Alizidi kusema hata pale ambapo hakukuwa na haja ya kusema, mpaka barabara ikaisha na gari likasimama juu kabisa, likipumua.

Walikaa bila kufungua milango.

"Kesho niko peke yangu," alisema mume. "Nani atanisomea geji?"

Nozeli alishuka, akalichovya tambara kwenye petroli kidogo, akaanza kuilainisha gundi pembezoni mwa geji ili aibandue.

"Kesho usisome chochote," alisema, bila kugeuka. "Kanyaga tu."