Gambuti za Karani

Kitu cha kwanza Gesare alichokiona asubuhi hiyo kilikuwa kidole. Karani Mathew alikuwa ameegemea mti kando ya bwawa, amevua gambuti moja, buti lile refu la mpira, ili atoe kokoto, na kidole chake kikubwa cha mguu kikachungulia nje ya soksi kama mtoto dirishani. Karani aligeuka huku na huku, akaona hakuna anayemtazama, akarudisha mguu ndani upesi. Gesare aliinamisha uso kwenye sufuria ya chai. Alimwonea huruma. Mtu anayepima majani ya chai ya watu mia mbili kila siku, shati limepigwa pasi, tai shingoni hata kukiwa na matope, hapendi watu wajue kwamba soksi zake zimetoboka.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa tisini na nne. Mjomba wake, Omwenga, alikuwa na boti aliyoinunua upande wa ziwa na kuileta kwa lori mpaka bwawa lile la nyuma ya mashamba ya chai. Wikendi aliwakodishia watu waliotaka kuvua tilapia. Siku za kazi Gesare alichuma chai. Jumamosi aliwapikia wageni wa mjomba chai na kuwagawia jaketi za kuelea. Kazi hiyo ilimfaa kwa sababu haikuhitaji maneno. Aliacha shule darasa la tano, na tangu hapo alizoea kusema pale tu alipoulizwa, na mara nyingine hata akiulizwa hakusema.

Leo wageni walikuwa watatu: Mathew karani kutoka Kapsoit, rafiki yake Kipkurui aliyefuga ng'ombe, na Oyaro, dereva wa trekta, ambaye alikuwa mnene na mcheshi.

"Sheria za boti yangu ni tatu," Omwenga alisema, akihesabu kwa vidole. "Jaketi ifungwe mpaka kamba ya mwisho. Mtu asisimame, hata akivuta nyangumi. Na saa nane tuwe nchi kavu, mvua ya huku mnaijua."

"Sasa nyangumi atatoka wapi, mzee, na hapa ni Kericho?" Oyaro akauliza.

"Wewe funga jaketi. Hiyo tumbo yako peke yake ni nyangumi."

Walicheka. Gesare hakucheka. Alikuwa akitazama miguu yao: gambuti, gambuti, gambuti. Katika nchi ya chai mtu huvaa gambuti kwenda shambani, sokoni, hata kanisani mvua ikizidi. Ndiyo maana hata mjomba, aliyejua mambo ya boti, hakuwa na sheria juu ya gambuti. Nani angeona ajabu ya kitu ambacho kila mtu amevaa?

Lakini Gesare aliona. Baba yake alikufia mtoni akiwa na gambuti miguuni, Jumapili moja ya mwisho wa mwezi, Gesare akiwa na miaka tisa. Watu walisema ni pombe. Mjomba Omwenga mwenyewe alisimama matangani akasema, "Pombe imetunyang'anya shemeji," na mama akajifunika uso kwa leso. Hakuna aliyemuuliza mtoto. Na ni yeye tu aliyekuwa ukingoni.

Angewaambia nini hawa wanaume? Mchumaji chai amfundishe karani kuvaa? Basi akafanya jambo ambalo mikono yake ililiweza. Alichota maji, akasugua sakafu ya boti kwa sabuni mpaka mbao zikang'aa, kisha akatandika gunia safi pale pa kuingilia, kama linavyotandikwa mlangoni pa kila nyumba ya huko. Hakuna mtu wa nchi ya chai anayepita gunia la mlangoni na gambuti zenye matope. Mama yake alimfunza hivyo, kila mama alifunza hivyo.

Kipkurui alifika kwenye gunia akasimama. "Ai! Hii ni boti ama ni sebule?" Lakini tayari alikuwa anavua. Oyaro naye akavua, akizitupa zake nyasini. Hata mjomba akavua, akitikisa kichwa na kutabasamu.

Karani Mathew peke yake hakuvua. Alifuta nyayo zake kwenye gunia, upande huu na upande huu.

"Mimi nitaingia hivi hivi. Baridi ya leo ni mbaya."

"Karani anaogopa kuonyesha miguu, sijui ako na kwato!" Oyaro akasema.

Gesare alipiga hatua moja. "Karani…"

"Nini, dada?"

Wote walimgeukia. Uso ukamchoma. "Hakuna," akasema.

Boti ikaondoka.

Uvuvi ulikwenda vizuri. Kutoka ukingoni Gesare alisikia vicheko vyao, akaona samaki wadogo wakimetameta wakipandishwa. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Kipkelion, na mjomba alikwisha kugeuza boti irudi, ndoano ya Karani iliponasa. Fimbo yake ikapinda.

"Huyu ni baba yao!" Karani akapiga kelele, na kwa furaha hiyo akasahau sheria ya pili. Akasimama. Kamba ikakatika. Karani akarudi nyuma mikono ikitafuta kitu hewani, akatumbukia majini.

Jaketi ilimwinua mara moja. Kichwa kilitokea, kinakohoa, tai inaelea mbele yake. Mjomba hakubabaika. "Nyinyi wawili kaeni upande ule! Msije huku, tutapinduka!" Akamshika Karani mabegani, akavuta. Karani alitoka mpaka kifuani, akakwama, akarudi. Mjomba akavuta tena. Boti ikainama, maji yakaingia. Mara ya tatu ikawa vilevile, na midomo ya Karani imekuwa ya kijivu. Maji ya huko ni baridi kama ya mvua ya mawe.

Gesare aliijua hesabu hiyo. Kuinuka, kukwama, kurudi. Mara tatu.

Sauti iliyomtoka hakuijua kuwa ni yake. "Gambuti! Mjomba, zimejaa maji! Mvue gambuti!"

Hatua thelathini za maji zilikuwa kati yao, lakini mjomba alisikia. Aliinama, mkono mmoja ukamshika Karani, mwingine ukazama mpaka kwapani. Gambuti moja ikatoka. Akavuta ya pili, ikang'ang'ania, kisha ikaachia na kuzama. Alipovuta tena, Karani aliingia botini kama gunia tupu.

Ukingoni mvua ilikuwa imeanza. Walimkalisha Karani chini ya paa la mabati, anatetemeka meno yakigongana. Gesare alimtilia chai ya maziwa, sukari nyingi. Kabla ya wengine kusogea, alifungua leso yake kiunoni, akapiga magoti, akamfunika miguu yote miwili, kidole na soksi yake. Karani alimtazama. Alielewa kwamba Gesare alikuwa amekiona kidole tangu asubuhi.

"Ni soksi tu," Karani akasema polepole. "Ningekufa kwa sababu ya soksi."

Oyaro akamsogezea kikombe.

"Lakini wewe ulijuaje?" Omwenga akauliza. Alikuwa bado anahema. "Mimi nina boti miaka sita. Ni nani alikuambia mambo ya gambuti?"

Gesare alibaki amepiga magoti. Mvua ilipiga mabati, na ingekuwa rahisi kusema hakuna, kama alivyosema asubuhi, kama alivyosema miaka kumi. Akainua uso akamtazama mjomba wake.

"Baba hakuwa amelewa, Mjomba," akasema. "Alikuwa ameshika mzizi. Akiinuka, anarudi. Akaniambia, 'Gambuti, Gesare, gambuti.' Nilikuwa namvuta mkono. Alikuwa ananiambia nimvue, na mimi nilifikiri anaogopa kuzipoteza."