Mlima Unaozima Kompyuta

Kompyuta ya baba mkwe ilikuwa inazima mlimani. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na nyumba nzima tukazoea kusema hivyo: "Leo imezima tena mlimani." Mgeni angetusikia angedhani tuna gari bovu.

Gari hakuwa nalo tena. Alikuwa dereva wa malori ya trela mpaka kiharusi kilipompiga na kumlegeza upande wote wa kulia. Mkono ulirudi kidogo, ukaweza kushika kijiko ila si kikombe. Mguu haukurudi. Binti wa mazoezi, aliyetumwa na hospitali, alikuwa anamshika vidole vya mguu na kumwambia, "Sukuma mkono wangu, mzee." Baba alikaza uso mpaka jasho likamtoka, na hakikutikisika kitu. Mwishowe akamwambia asijisumbue kuja tena, akageukia ukutani. Alikaa hivyo, amelala uso ukutani, chakula kikienda na kurudi, mpaka Mama, mkewe, akaanza kuuchukia ule ukuta.

Mume wangu ndiye aliyeleta kompyuta, na ndani yake gemu la kuendesha malori. Unachagua shehena, unaifunga, unaipeleka mji mwingine. Kuna mvua, kuna mizani, kuna kona na milima. Baba alilitazama kwa dharau.

"Lori bila harufu ya dizeli?" aliuliza. "Hii ni katuni."

Kesho yake akaomba akalishwe kwenye kiti, "nione tu hizo gia zao." Wiki haijaisha, alikuwa anamwamsha Mama mapema amnyoe ndevu, eti dereva hasafiri akiwa na uso kama wa mtoro. Aliendesha kwa mkono wa kushoto tu, vidole vikitembea juu ya kibodi, na alianza tena kugombana na watu: madereva wa kwenye gemu wasiotoa ishara, askari wa mizani, na Mama akipita mbele ya skrini. Mama aliniambia jikoni kwamba hajawahi kufurahia kugombezwa kama kipindi kile.

Halafu kompyuta ikaanza kujizima na kujiwasha. Si akisoma habari, si akitazama mpira. Ni kwenye gemu tu, na hasa kwenye mlima mmoja mrefu wenye kona kali, akiwa karibu kufika juu. Skrini inakuwa nyeusi, mashine inalia mlio wake wa kuamka, safari imepotea. Baba alikuwa anapiga meza. Siku moja muuguzi alikuja kumpima presha dakika chache baada ya mlima, akasoma kipimo mara mbili, kisha akamwita mume wangu nje.

Mume wangu aliporudi ndani alikuwa ameshaamua. "Ikifika Jumapili bado inazima, naiondoa. Siwezi kumuua baba yangu kwa gemu."

Mama alitoka nje. Alinifuata mimi kwenye kamba ya nguo, akashika ncha ya shuka nililokuwa nakamua. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea haya mambo. Ikiondoka hiyo mashine, yule anarudi ukutani. Namjua. Safari hii hatageuka tena."

Ni kweli nilisomea. Nina cheti cha chuo na nafanya kazi kwenye duka la kutengeneza kompyuta. Lakini dukani natengeneza mashine za watu nisiowajua, na hapa nilikuwa mke wa mtoto wa nyumba, sijamaliza mwaka. Mbele ya baba mkwe nilikaa karibu na mlango na kujibu nikitazama sakafu. Kumwambia sogea nione hapo, au ulibonyeza nini, kulinipa shida kuliko waya wowote.

Kwa hiyo nilianza na yale yasiyohitaji kumuuliza. Mashine inayojizima wakati wa gemu mara nyingi imepata joto, kwa sababu gemu linaifanyisha kazi kuliko kitu kingine chochote. Baba alipokuwa amelala mchana niliifungua, nikapuliza vumbi, nikafuta pasta ya zamani ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Baba alipoamka nilimweleza kwa sauti ndogo.

"Kumbe inachemka!" alisema. "Ungeniambia mapema, mkwe. Injini ikichemka dawa yake naijua."

Tangu siku hiyo aliiacha iungurume kwanza kabla ya safari, ipate joto taratibu, na akamtaka Mama aweke feni ya mezani iielekee ubavuni. Akapunguza na shehena pia. Kutoka chuma akaenda mbao, kutoka mbao akaenda magodoro.

Ikazima.

"Magodoro, mkwe!" alinipigia kelele nilipokuwa naingia kutoka kazini, hata mkoba sijaweka chini. "Nimebeba magodoro! Lori gani duniani linashindwa na magodoro?"

Nikapima kumbukumbu za mashine, ziko sawa. Nikabadilisha pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, nikaweka nyingine niliyoazima dukani. Ikazima. Nikaibeba mashine yenyewe hadi kazini, nikaiweka kwenye kona yangu na kupanda ule mlima na shehena ya chuma, mara kwa mara, kati ya mteja na mteja. Mwenzangu wa meza ya pili alinitania, "Umepewa leseni lini, dada? Au wewe ni utingo?" Nilipanda mpaka nikaijua kila kona. Haikuzima hata mara moja.

Nikairudisha nyumbani. Mume wangu akajaribu, akapanda mlima mpaka juu. Nikajaribu mimi, nikapanda. Akakaa Baba. Kabla ya kona ya mwisho, giza.

Hakupiga meza safari hiyo. Alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akasema polepole, "Kwa hiyo mimi ndiye mkosi."

"Hapana, Baba," nilisema.

"Nyote mnapita, mimi nazimikiwa. Hata mashine inajua dereva mbovu." Akamwambia Mama amrudishe kitandani. Ilikuwa bado mchana.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi mume wangu alikwenda kazini asubuhi na kuniambia akirudi ataleta boksi la kuipakia. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka tu, na alikuwa anaogopa kile kipimo cha presha.

Nilikaa mbele ya mashine peke yangu, nikafungua kumbukumbu zake za matukio, mahali inapojiandikia kila kinachoisibu. Kama ingekuwa ni joto au programu mbovu, ingeacha malalamiko. Hapakuwa na lalamiko lolote. Kila ajali ya mlimani ilikuwa imeandikwa kwa namna moja: umeme ulikatika ghafla. Nikaelewa kwamba nimekuwa nikimtibu asiyeumwa. Mashine ilikuwa nzima, ila kuna kitu kilikuwa kinaipokonya umeme kwa muda wa kupepesa jicho, na kitu hicho kilikuwa nje yake. Dukani tulikuwa na nyaya zetu. Hapa nilikuwa nachomoa waya nyuma ya mashine tu na kuuchomeka palepale. Sikuwahi kuufuata mpaka mwisho wake.

Ningeweza kuufuata wakati ule, mashine ikiwa haina mtu. Lakini ilikuwa haizimi kwa mtu mwingine. Ilinibidi niutazame waya huku Baba akiendesha.

Nikaenda mlangoni pa chumba chao. Alikuwa amelala uso ukutani.

"Baba," nilisema, "naomba unisaidie kazi. Siwezi kuiona ikizima bila wewe."

Akavuta shuka mpaka sikioni.

"Siwezi kuipata mwenyewe. Nimeshajaribu."

"Unataka nizimikiwe makusudi?"

"Ndiyo, Baba. Panda ule mlima. Ubebe chuma."

Mgongo wake ukatikisika, na nikajua anacheka. "Binti huyu," aliuambia ukuta. "Mama yenu! Njoo unikalishe. Mkwe wako anataka kuangalia ajali."

Mama alimkalisha kama kawaida, akauinua mguu wa kulia kwa mikono miwili na kuuweka juu ya blanketi kuukuu lililokunjwa chini ya meza. Ukining'inia ulikuwa unavimba. Mimi nilisimama, sijui niingilie wapi. Kufika kwenye nyaya ilikuwa ni kutambaa chini ya meza, karibu kabisa na miguu ya baba mkwe, nikiwa na gauni langu la nyumbani.

"Ingia tu, mwanangu," Mama alisema. "Miguu yenyewe haiumi mtu."

Nikapiga magoti, nikaingia. Waya wa mashine ulishuka nyuma ya meza, ukaungana na wa skrini na wa feni, na zote tatu zikaingia ndani ya lile blanketi.

"Mama, ekstensheni ya umeme iko humu?"

"Nimeifunika. Ilikuwa inatega watu miguu, halafu naona aibu wageni wakiyaona yale manyaya."

Nikagusa, haikuwa na joto. Nikainama nione plagi kwa pembeni. "Tayari, Baba."

Juu ya kichwa changu injini ilinguruma kwenye spika. Alipita mizani, akamtukana askari. Alikata kona ya kwanza. "Sasa tunaanza kupanda," alisema, kama anayemwambia abiria. Sauti ya injini ikawa nzito. Nikasikia kidole chake kikigonga kitufe cha gia, akashusha moja, akashusha nyingine. Plagi hazikutikisika.

"Njoo mama, njoo," Baba alikuwa analibembeleza lori. "Usinilalie hapa. Njoo."

Ndipo nikaona vidole vya mguu wake. Vilijikunja kwanza, kama vya mtu anayetafuta kandambili gizani. Halafu unyayo wote ukashuka, polepole, ukabaki umekandamiza. Blanketi likabonyea. Plagi ya mashine ikainuka upande mmoja, kidogo sana, unene wa ukucha. Nikasikia feni juu ya meza ikisitasita na kuendelea. Mashine ikalia mlio wake wa kuamka.

"Umeona?" Baba alisema kwa ushindi. "Si nilisema? Imezima!"

Nilikuwa nautazama ule mguu. Ulikuwa umelegea tena juu ya blanketi, umelala kama siku zote.

"Mkwe, umelala humo?"

"Baba," nilisema, "umekanyaga mafuta."

"Mafuta gani? Mafuta yako hapa, kwenye kidole."

"Kwa mguu. Wa kulia. Lori lilipoanza kushindwa, umekanyaga."

Mama akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usimwambie mtu kitu kama hicho kwa kumfurahisha."

Nilitoka chini ya meza nikiwa na vumbi magotini, na kwa mara ya kwanza nilimtazama Baba usoni. "Sifurahishi mtu. Nitawaonyesha."

Nikahamisha waya wa mashine na wa skrini kwenye soketi ya ukutani. Feni nikaiacha peke yake kwenye ile ekstensheni, nikaichomeka kwenye tundu lilelile la mashine lililolegea, nikaifunika na blanketi na kuurudisha mguu juu yake.

"Panda tena, Baba. Safari hii mashine haitazima. Feni ikisita, ni wewe."

Akapanda. Mama alikuwa ameshika mgongo wa kiti. Kona ya kwanza, kona ya pili, injini ikawa nzito. "Njoo," Baba alisema, ila kwa sauti nyingine. Feni ikasita. Ikaendelea. Ikasita tena, safari hii kwa muda mrefu, mpaka tukaweza kuyahesabu mapanga yake.

Baba alikuwa anaitazama feni, hatazami barabara. Lori likavunja kingo, likabingirika na chuma chake chote bondeni.

"Maisha yangu yote barabarani," alisema, "sijawahi kuangusha gari."

Mama alikuwa ameketi sakafuni, analia bila kelele, ameushika ule mguu kwa mikono yake. "Ukanyage tena," alimwomba. "Unikanyage mkono."

Akakaza uso. Jasho likamtoka. Mguu haukufanya kitu. Nikaona macho yake yanaanza kutafuta mlango wa chumbani, nikaogopa, nikasema kwa haraka, na kwa sauti kubwa kuliko nilivyowahi kusema ndani ya nyumba ile, "Usiufikirie, Baba! Fikiria lori. Mama, usimwombe. Washa, Baba, pakia upya."

Alishtuka, halafu akapakia.

Mume wangu alitukuta hivyo aliporudi na boksi lake. Baba alikuwa mlimani. Mimi nilikuwa chini ya meza upande huu, Mama upande ule, ameilaza simu sakafuni imulike, na kiganja chake kiko chini ya unyayo mahali palipokuwa na blanketi.

"Imezima?" mume wangu aliuliza.

"Haijazima," nilisema kutoka chini.

"Sasa mnafanya nini humo?"

"Nyamaza, tunapanda," Mama alisema, kisha akaguta kama aliyechomwa. "Huo! Huo!"

Ilibidi aelezwe mara tatu. Aliweka boksi chini, akainama, akaweka mkono wake mahali pa mkono wa Mama, na Baba akaanza safari nyingine bila kuombwa. Mume wangu akainuka. Alikwenda dirishani akakaa huko, ametugeuzia mgongo.

"Wewe," Baba alimwita, macho yakiwa barabarani. "Yule binti wa mazoezi, namba yake ipo?"

"Ipo, Baba."

"Mpigie. Mwambie nilimfukuza vibaya, anisamehe. Aje." Akashusha gia. "Na mwambie avae suruali. Kazi iko chini ya meza."